Jengo Ambalo Halijaisha

"Laki nne sikupi, Fundi Mashavu! Jengo halijaisha!"

Mwenyekiti Lugendo, mwenye mashine tatu za kusaga, ndiye aliyeshika fedha za jengo la kuwahifadhi waliobomolewa nyumba na mafuriko. Juzi alilalamikia rangi, jana bawaba. Leo alipapasa ukuta uliokuwa laini kama shavu la mtoto, akasema lipu ina mawimbi.

Hasira za Mashavu zilijulikana mtaa mzima, lakini safari hii alishusha pumzi tu. "Rudia, mzee, na vibarua wangu wasikie."

"Ha-li-ja-i-sha! Siku likiisha nitakulipa papo hapo."

"Haya, mzee. Basi naendelea na kazi."

Ijumaa mkuu wa wilaya akaja kulifungua. Ngoma zinalia, Lugendo ndani ya suti mpya. Pazia lililofunika mlango likavutwa, na tazama, mlango umezibwa kwa jukwaa la miti, na juu yake amekaa Mashavu, mwiko mkononi, analainisha lipu.

"Fundi, vipi tena?" mgeni akauliza.

"Shikamoo, mheshimiwa. Mwenyekiti kasema halijaisha."

Mgeni akamgeukia Lugendo. "Si uliniambia limekwisha?"

"Limekwisha!" Lugendo akadakia. "Limekwisha zamani, mheshimiwa!"

"Na lipu, mzee?" Mashavu aliuliza kutoka juu.

"Lipu safi! Bawaba safi! Shuka, mwanamke, unaniaibisha!"

Mashavu hakushuka. Aliweka mwiko pembeni, akanyoosha mkono.

"Laki nne zangu, mzee. Papo hapo."