Shuka Lililongoja Safari

Ndugu zangu, leo tuondoke kidogo hapa tulipoketi, twende Misri ya zamani sana.

Kulikuwa na bibi mmoja, mfumaji wa kitani. Watu wa kule waliwafunga marehemu wao vitambaa, na wengi walichana tu nguo zao kuukuu. Bibi akasema, mimi na matambara, ahera? Thubutu! Akafuma shuka jembamba hata mwanga ukapita, akalitia sandukuni. Kila alasiri alilifungua, akaliegemezea shavu, akafumba macho. Akajiona akitembea katika maua ya buluu ya kitani, mwepesi, hana kivuli wala maumivu ya magoti. Raha iliyoje!

Msimu wa baridi, mke wa mwanawe akajifungua. Kichanga kikawa kinatetemeka.

"Mama, tupe lile shuka tumfunike mtoto," akasema mkwewe.

"Lile ni la safari yangu, mwanangu. Unataka nifike uchi?"

"Na huyu je? Si amefika uchi?"

Bibi akaketi juu ya sanduku. Mnacheka? Nani hapa hajawahi kuketi juu ya lake?

Jirani alisikia kilio cha mtoto. Akaja, akavua gauni lake lingali na joto la mwili, akamviringishia mtoto, naye akanyamaza. Mtoto yule alipojua kutembea, alimpita bibi yake mlangoni, akamkimbilia jirani. Bibi alilia. Bado hakulitoa shuka, na alipokufa akafungwa nalo.

Leo nguo zote mbili zimo katika jumba la makumbusho. Mama mmoja aliyekuja kutazama akasimama mbele ya gauni la jirani, lenye viraka na mikunjo viwikoni.

"Aliyelivaa alikuwa nani?" akamuuliza mtunzaji.

"Jina halijulikani. Ila mikono yake ilifanya kazi, tazama viwiko."

"Na lile shuka jeupe?"

"Lile halikuwahi kumpa joto mtu yeyote."

Mama akarudi kwenye gauni, akafuta machozi.

Haya, sisi tunaoimba hapa kanisani kwamba tutavikwa nguo nyeupe. Tunafumba macho, tunaiona mbingu, na ni tamu kweli. Lakini ukutani kwako, upande wa pili, kuna mtoto anakohoa tangu Jumatatu. Umeshabisha hodi? Basi leo usingoje nimalize matangazo. Nenda.