Tundu la Pikipiki ya Katekista

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi tu, pikipiki zilipokuwa chache kuliko mapadri, katika milima ya kahawa kule Umatengo aliishi katekista mmoja jina lake Otmari. Sikilizeni polepole, nami nitasimulia polepole, maana mwishoni nitauliza, na aliyesinzia hataruhusiwa kujibu.

Otmari alikuwa na pikipiki. Aliachiwa na mmisionari mzee aliyerudi kwao, na hata huyo mmisionari aliipokea ikiwa imekwisha kuzeeka. Kwa pikipiki hiyo Otmari alizungukia vigango vyote vya parokia: hapa kufundisha watoto wa komunyo, pale kuombea mgonjwa, kule kuzika. Siku moja akivuka mto, jiwe likatoboa bomba la moshi. Tundu likabaki, pana kama kifungo cha koti. Tangu siku hiyo pikipiki haikunguruma tena kama pikipiki za watu. Ilikuwa ikisema pu-pu-pu-PAA! Pu-pu-pu-PAA!

Watu wakamwambia, "Mwalimu, ziba hilo tundu."

Akajibu, "Honi ilikufa zamani. Hili tundu ndilo honi yangu. Nikiliziba nitakuwa nafika nikiwakuta mmelewa."

Na kweli. Wazee wa kilabuni wakisikia PAA kutoka ng'ambo ya bonde, walisukuma vikombe chini ya benchi na kuanza kuzungumzia mvua. Wanawake walikwenda kugonga rimu ya gari iliyoning'inizwa nje ya kanisa, ndiyo kengele. Na Tasiana, mkewe Otmari, akisikia PAA kwenye kona ya mwisho, alisema moyoni: asante Mungu, leo pia umenirudishia.

Pikipiki ikafa kwanza. Ikasukumwa bandani nyuma ya nyumba. Miaka michache baadaye Mungu akampumzisha na Otmari mwenyewe.

Tasiana akavaa nguo nyeusi, kama ilivyo desturi, mpaka misa ya mwaka. Mwaka ulipokaribia kutimia, akawaita wanawe wawili mlangoni pa banda. Meinradi, kifungua mimba, mwanamume mrefu asiyejua kushika spana. Na Edigna, binti, fundi cherehani.

"Wanangu," akasema, "picha ya baba yenu ninayo ukutani. Lakini picha haikati kona. Ile sauti imeanza kunipotea. Jana nimeitafuta kichwani, nikapata sauti ya mashine ya kusaga. Basi sikieni. Atakayenifanya niisikie tena pikipiki ya Otmari kabla ya misa, pikipiki ni yake, na helmeti ya marehemu nitamvisha mbele ya watu wote. Nisipoisikia, nguo nyeusi sivui."

"Mama! Watu watasema!"

"Waseme. Hata nikivua watasema."

Aliyefiwa anajua jambo hili. Mpendwa wetu huanza kuondoka masikioni. Macho yana picha za kuyasaidia. Masikio hayana kitu.

Wakafungua banda. Lo! Palikuwa na fremu, injini, bomba la moshi na gurudumu la nyuma tu, na kuku amelala katikati. Vingine vyote vilikuwa vimeazimwa, na mnajua kitu cha kuazima kinavyosafiri.

Meinradi akashika njia. Gurudumu la mbele akalikuta kwa baba yake mdogo, limekuwa gurudumu la toroli ya samadi. Akaomba, akanyimwa, akalima shamba la mahindi la baba mdogo, akapewa. Taa akaikuta kwa mjane mmoja wa bondeni, vifaranga wanalia pumba humo. Akamchongea mjane kibakuli cha mti, akapewa. Tangi akalikuta kwa wapika pombe, akapewa pamoja na harufu yake. Kiti ndicho kilichomtesa. Kiti kilikuwa kilabuni, na juu yake alikaa mzee Hyera.

"Mzee, hicho kiti ni cha marehemu baba."

"Najua, ndiyo maana nakikalia. Namkumbuka."

"Naomba usimame, mzee."

"Nikisimama nitaanguka, mwanangu."

Meinradi akakaa chini akangoja. Mzee Hyera akanywa mpaka akaanguka mwenyewe, bila kusimama. Meinradi akamweka vizuri kwenye mkeka, akabeba kiti, akaenda zake.

Chuma kwa chuma, kipande kwa kipande, pikipiki ikakusanyika bandani. Lakini ilikuwa imekusanyika tu, kama watu msibani. Hakuna aliyekuwa akifanya kitu.

Ndipo Edigna akafunga cherehani yake, akaingia bandani. Pistoni ilikuwa imeganda. Akaimiminia mafuta ya taa, akangoja, akaigonga kwa kipande cha mti, akangoja tena, hata ikasogea. Tangi akalitia changarawe na maji, akalitikisa kama mtu anayebembeleza mtoto mkorofi, mpaka kutu yote ikatoka. Kabureta akaizibua kwa sindano ya cherehani. Gasketi ya kuziba maungio ya injini hakuipata dukani, akaikata kwenye karatasi ngumu ya kalenda ya parokia, ukurasa wa Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu. Akasema, "Kama hapa haitashika, haitashika popote."

Siku hizo zote mtu mmoja alikuwa amekaa mlangoni pa banda juu ya kinu kilichopinduliwa, anatafuna muwa. Huyo ni Longinusi, mtani wa ukoo wao. Mnamjua mtani. Msibani wengine wanalia, yeye anachekesha. Akikamata kuku wa wafiwa, haulizwi. Na Longinusi huyu, enzi za Otmari, ndiye aliyepanda nyuma ya pikipiki akipakata sanduku la vitabu vya nyimbo.

"Meinradi, unakusanya vyuma au unaposa? Mbona kila nyumba unabisha hodi?"

Meinradi akampita na tangi begani.

"Edigna, hiyo injini ukimaliza, uiwekee na mikono mifupi. Huku kuna joto."

"Longinusi, ama ushike spana ama unyamaze."

"Mimi ni mtani. Kazi yangu ndiyo hii, na unaona jinsi ninavyochoka."

Edigna alikuwa mtu wa kazi safi. Nguo yake haikuwahi kutoka na uzi unaoning'inia. Basi alipoliona lile tundu la bomba, mkono ukamwasha. Akalipeleka bomba kwa mchomeleaji, likazibwa, likapigwa msasa, likapakwa rangi ya fedha. Likang'aa kama kikombe cha altare.

Siku moja kabla ya misa, alasiri, ndugu wamekwisha kufika, Tasiana akaletewa kigoda uani. Helmeti ameipakata. Edigna akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena. Pikipiki ikakohoa, ikatoa moshi, ikawaka!

Rrrrrrrrrr. Laini. Nyororo. Watu wakapiga vigelegele. Meinradi akamkumbatia dada yake. Edigna akaiendesha mpaka kwenye kona, akarudi, akasimama mbele ya mama yake anatabasamu, jasho linamtoka.

Tasiana alikuwa amekaa vilevile.

"Nani huyo anashona?" akauliza.

"Mama, ni pikipiki ya baba!"

"Hiyo ni pikipiki nzuri, mwanangu. Padri akiwa nayo atafurahi. Lakini mimi sijamsikia mtu wangu hapo." Akavuta ile nguo nyeusi mabegani kama mtu anayesikia baridi.

Vigelegele vikafa. Edigna akazima injini, machozi yakamlengalenga.

Longinusi akatema kapi la muwa. Akasimama kutoka kwenye kinu. Watu wakashangaa, wengi hawakuwahi kumwona akisimama.

"Shemeji," akamwambia Tasiana, "hawa wanao wamemtoa mgonjwa hospitali wakayaacha meno yake hukohuko."

Akakunja suruali. Kwenye shavu la mguu wake wa kulia palikuwa na kovu la moto, la mviringo, pana kama kifungo cha koti. Akapanda nyuma ya pikipiki, mahali pake pa siku zote, akauegesha mguu kwenye bomba, akachora alama kwa mkaa pale kovu lilipogusa. Akashuka. Akachukua tindo na nyundo.

"Longinusi, usithubutu!" Edigna akapiga kelele. "Bomba langu!"

Kwa! Kwa! Kwa! Rangi ya fedha ikaruka. Tundu likafunguka.

Akapiga kiki, akapanda, akateremka mpaka ng'ambo ya kona, asionekane. Halafu, kutoka chini ya migomba:

Pu-pu-pu-PAA! Pu-pu-pu-PAA!

Tasiana akanyanyuka kigodani kama msichana. "Otmari!" akaita. "Mbele pana matope, pita nyuma!"

Akajishika mdomo. Watu wakatazama chini. Kisha akaanza kucheka mwenyewe, anacheka na machozi yanashuka, anacheka mpaka wote wakacheka. "Nimeisikia," akasema. "Mungu awabariki. Nimeisikia. Kesho navua."

Mnadhani hadithi imeisha? Ndiyo kwanza ugomvi ulianza.

Meinradi akasema, "Mama, maiti haifufuki kama mifupa haipo. Mifupa nimeokota mimi. Nimelima shamba la watu, nimechonga kibakuli, nimelinda mlevi. Bila mimi wangepiga kiki kwenye kinu."

Edigna akasema, "Mifupa yako ilikuwa imelala, kaka. Pumzi nimeitia mimi. Na tundu lisilo na injini ni tundu tu. Huyu amegonga mara tatu, tena ameniharibia kazi!"

Longinusi akasema, "Nimeharibu, sikatai. Lakini kwa ufundi wako shemeji alikuwa amekaa. Kwa uharibifu wangu amesimama. Na aliagiza nini? Aliagiza kusikia. Nani amemsikilizisha?"

"Mtani huchukua kuku," Meinradi akasema. "Hachukui urithi."

"Kuku nilishamla. Na hili kovu nalo si la kuku. Ninyi mmeitengeneza pikipiki mwaka huu. Mimi ilinichoma miaka yote."

Wakamwendea padri. Padri akainua mikono. "Mimi naungamisha dhambi. Pikipiki siziwezi."

Asubuhi ikafika. Rimu ikagongwa. Tasiana akatoka ndani amevaa gauni jeupe, helmeti mkononi, na ahadi yake ilikuwa ya mtu mmoja, si ya watatu. Mlangoni pa kanisa akawakuta wamesimama: aliyekusanya, aliyetengeneza, na aliyeharibu. Kila mmoja ameinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepimwa kofia.

Haya, ndugu zangu, hamjasinzia. Watu wamejaa, padri anangoja, na mama wa watu mkono umeanza kuchoka. Je, amvishe nani?