Mpini Mweusi wa Firmin

Wahenga waliosema kuwa mchagua jembe si mkulima hawakuwakataza watu kupenda zana njema. Walimlenga yule ambaye kila uchao yuko dukani akipapasa mipini, huku shamba lake limesongwa na magugu. Firmin Mushagalusha, fundi cherehani wa Berea jijini Johannesburg, hakuwa na shamba wala jembe. Yeye alikuwa na bastola.

Firmin alitoka Bukavu akiwa kijana, na baada ya kuhangaika sana akapata ukazi wa kudumu. Chumba chake cha kushonea kilikuwa katika ghorofa kuukuu ambalo fleti zake ziligawanywa kwa mbao nyembamba ili wapangaji wengi wapate pa kujibanza. Siku moja majambazi walimvamia, wakambebea vyerehani mbele ya mkewe, Victoire, huku Firmin amebaki ameinua mikono kama mtoto aliyeadhibiwa. Tangu hapo alijiona mwanamume suruali. Akasoma, akafanya mtihani, akapewa leseni, kisha akanunua bastola ndogo ya silinda inayozunguka, ya kuficha kiunoni.

Nomvula, mkufunzi wa uwanja wa shabaha, aliutazama mkono wa Firmin.

"Kaka, kiganja chako ni kipana," alimwambia. "Weka mpini wa mpira unaojaza mkono, hata kama utatuna kidogo chini ya koti. Na bastola nyepesi kama hii hurusha mkono, kwa hiyo anza na risasi za nguvu ndogo. Halafu uje kila wiki. Mpini haukufundishi kulenga, wala risasi haikwambii lini usifyatue."

"Nitakuja," alijibu Firmin.

Hakwenda. Miguu yake iliijua njia ya duka la silaha tu. Mpini wa mpira aliununua, akaukataa kwa kuwa ulinata kwenye bitana ya koti. Akaleta wa plastiki, akauona hauna heshima. Mwishowe akapenda mpini wa mti mweusi uliong'aa kama kioo, mwembamba na mfupi, hata kidole chake cha mwisho kilikosa pa kushika. Risasi nyepesi nazo alizidharau. Alichukua zenye nguvu kuliko zote, ingawa muuzaji alimwonya kuwa hizo hupenya mbao kama sindano ipenyavyo kanga.

Kila mteja aliyekuja kupimwa suruali alisimuliwa habari za mpini. Gustave, rafiki yake wa kanisani aliyeuza viatu karibu na Joubert Park, alisikiliza hadi akachoka.

"Ndugu Firmin, tangu uinunue umeipiga mara ngapi?"

"Kwanza vifaa vikae sawa."

"Kila nikija ni kwanza."

Victoire hakucheka. "Baba Kelly," alisema huku akikata uzi kwa meno, "hicho kitu unakijua, au unakipenda tu?"

Firmin alichukua kitambaa, akaendelea kuung'arisha mpini.

Jumamosi moja alasiri mbingu ya Johannesburg iligeuka rangi ya risasi, mvua ya mawe ikaanza kutwanga mabati na madirisha. Victoire alikuwa chumba cha pili, kwa jirani yao Thérèse, akisukwa nywele. Firmin alikuwa peke yake anapiga pasi. Ghafla mlango ulisukumwa kwa kishindo, mtu akaingia mbio, koti amejifunika kichwani.

Firmin alichomoa bastola. Mpini mwembamba uliteleza kiganjani kama kambare. Akaubana kwa nguvu zote, na kidole ambacho hakikuzoezwa kukaa mbali na kifyatulio kikabana pamoja na vingine. Mlio ukajaza chumba. Mtu yule akashusha koti taratibu. Alikuwa Gustave, ameloa chepechepe, anakimbia mvua ya mawe.

Katika ukuta wa mbao palikuwa na tundu jipya. Nyuma yake ikasikika sauti ya Thérèse. Haukuwa ukelele, ulikuwa mguno mrefu, kama wa mtu anayetuliwa mzigo mzito.

Vijana wa ghorofa wakajaa mlangoni. "Nani amepiga? Mwizi yuko wapi?"

Firmin alifungua kinywa. Macho yake, kabla hajayazuia, yakamwangukia Gustave. Ilitosha. Vijana walimkwida, wakamzaba makofi, wakamwangusha sakafuni. Gustave hakujitetea. Alimtazama tu rafiki yake, akingoja.

Victoire akaja na kitambaa chekundu kwa damu. Aliiona bastola mkononi mwa mumewe, akamwona Gustave chini.

"Sema, Baba Kelly."

"Mwacheni," Firmin alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya kinda. "Ni mimi."

Risasi ilikuwa imevunja mfupa wa mkono wa Thérèse. Polisi waliichukua bastola. Mahakamani Firmin alikiri kosa, akahukumiwa kifungo cha nje na kupigwa marufuku kumiliki silaha. Adhabu hiyo aliipokea bila kutikisika. Kilichomvunja ni siku aliyokwenda hospitali kuomba msamaha. Thérèse alikuwa ameegemea mto, vidole vyake vya kusukia vimevimba na havikunjiki.

"Maneno yako yote tulikuwa tunayasikia kupitia ubao ule," alimwambia kwa upole. "Habari za mpini, habari za risasi. Niliwahi kumwambia dada yangu, tulale bila hofu, jirani yetu anaijua bastola."

Firmin alitamani atukanwe. Alitafuta pa kuyaweka macho yake, akakosa, akayaweka sakafuni.

Vidole viwili vya Thérèse havikurudi kukunjika, na kazi ya ususi akaiacha. Gustave bado humsalimu Firmin kanisani, lakini hukaa benchi jingine. Naye Firmin, wateja wakimuuliza kuhusu tundu lile ukutani, hujibu bila kuinua uso kutoka kwenye cherehani: alilitoboa yeye, kwa silaha aliyoichagua vizuri sana bila kujifunza kuitumia. Hakika, mchagua jembe si mkulima.