Shukrani Zilizoziba Mfereji

"Hadithi njoo!"

"Njoo tukusikie!"

"Nije kavu au nije na maji?"

"Njoo na maji!"

Haya, tulieni basi. Kwenye mbuga ya nyasi kando ya bahari, mto ulijiendea taratibu, ukipinda huku, ukituama kule. Hapo aliishi Chura, Bi Tabu, asiyezidi kokwa la embe, akilea viluwiluwi wake kwenye dimbwi la maji matamu.

Akaja Bwana Kiboko. Lo, tumbo lile! Akasema, "Nataka mpunga." Akachimba, chwa! chwa!, mto ukanyooka mpaka shambani kwake. Akala, hakushiba. Akanusa mafuta ardhini. "Nataka mafuta." Akachimba tena, chwa! chwa!, mfereji mpana hadi baharini, ili meli za mafuta ziingie. Meli hazijafika, bahari ikaingia. Mpunga ukanyauka, viluwiluwi wakaanza kufa.

"Bwana Kiboko, ziba mfereji, watoto wangu wanakwisha!"

"Ziba wewe, kidole gumba!"

Bi Tabu alilia, jamani. Halafu akakumbuka mila ya mbuga ile: anayeshukuriwa hanyanyuki mpaka anayeshukuru wa mwisho amalize. Akinyanyuka, ni aibu ya ukoo wake wote.

Asubuhi akarudi. "Bwana mkubwa, umetuletea maendeleo. Ukoo wangu umekuja kukushukuru. Keti pale mlangoni mwa mfereji, hata bahari isikie."

Kiboko akachekelea. Akajitupa, tubwi! Akaenea ukingo hadi ukingo.

"Ahsante, bwana! Kroo!" "Ahsante, bwana! Kroo!" Akimaliza mjomba, anakuja shangazi. Akimaliza shangazi, anarudi mjomba, kabadili sauti.

"Bado wangapi?"

"Wachache tu, bwana. Hawa ni wakwe!"

Njaa ikamkaba, aibu ikamkalisha. Mvua ikanyesha, mto ukafurika, ukashusha tope. Tope likagota mgongoni mwa Kiboko, likarundikana, likaota nyasi. Shukrani ya mwisho ilipokwisha, akainuka, na nyuma yake palikuwa na tuta kubwa, na bahari haipiti ng'o!

"Kumbe nimeziba mwenyewe!" akanguruma.

Mto ukarudi kwenye mapindo yake. Bi Tabu akaonja dimbwi, maji matamu! Viluwiluwi waliosalia wakamzunguka wakicheza. Akashukuru tena, safari hii kwa moyo wake wote. Akaishukuru mvua, akalishukuru tope, na msinicheke, akalishukuru hata lile tumbo.

Hadithi yangu imefika ukingoni, aliyeipenda aibebe. Funzo? Kujikomba kwa wakubwa ni tabia mbaya sana, wanangu, msithubutu. Isipokuwa kama mkubwa mwenyewe anatosha kuziba shimo.