Kidole cha Najat

Wahenga hawakuwa na haya walipotaka kusema kweli. Walinena kwamba mficha uchi hazai, maana anayeona aibu kufunua shida yake mbele ya wanaoweza kumsaidia, hapati anachokihitaji. Mastura wa Makorora aliisikia methali hii tangu utotoni, akaicheka na wenzake wee. Hakujua kwamba siku moja ingemkaa kooni.

Mastura alikuwa mwanamke wa sitara. Pazia la mlango wake halikufunuliwa ovyo, na hata siku ambayo ndani hamna kitu, alibandika sufuria ya maji jikoni ili majirani waone moshi. Ndivyo alivyolelewa. Basi alipogundua kwamba bintiye Najat, kifungua mimba wake, hasikii vizuri, alilifunika jambo hilo kama alivyofunika mengine. Mtoto mwenyewe alikuwa mwerevu. Aliyasoma maneno midomoni mwa watu, hata majirani wakadhani ni mpole tu.

Najat alipofika umri wa kuanza darasa la kwanza, habari zilienea kwamba shule moja kule Raskazone ilikuwa na darasa dogo la watoto wa aina yake. Aliyepimwa akaonekana anahitaji alipewa nafasi kwa maandishi, mwalimu wa kumsaidia na kifaa cha sikioni, wala hakuna aliyeweza kumnyang'anya haki hiyo mpaka amalize shule ya msingi. Tahiri, baba yake Najat, mchuuzi wa machungwa ya Muheza, alifurahi mno.

"Mke wangu, mpeleke," alisema. "Hiyo ni riziki ya mtoto."

Mastura aliitaka nafasi hiyo kwa moyo wote, ila hakutaka mtu yeyote aione kasoro ya mwanawe. Yarabi, hayo mawili yangepikwaje chungu kimoja? Alijipa moyo kwamba kupimwa huko ni usaili kama wa shule za kulipia: mtoto akijibu vizuri, huchukuliwa. Alimwuliza shoga yake Sabiha, ambaye mwanawe alikwisha kupimwa, maswali yalikuwaje. Kisha akamkaririsha Najat jioni baada ya jioni: jina lako nani, baba yako nani, huyu ni mnyama gani.

Siku ya kupimwa, Najat alivaa gauni la Idi, nywele zimesukwa, wanja machoni.

"Shikamoo, mwalimu," alisema.

"Marahaba, mwanangu," alijibu Mwalimu Leticia, mpimaji, mama wa Kishambaa mwenye sauti ya taratibu.

Kila alichoulizwa, Najat alikijibu kama kasuku. Hatimaye Mwalimu Leticia alisimama nyuma yake akaita, "Najat!" Mastura alikuwa amemshika bintiye mkono. Akambinya kidole, ishara yao ya nyumbani kwamba kuna anayeita nyuma. Najat akageuka, akatabasamu.

"Hongera, Mama Najat," alisema mwalimu. "Mtoto wako anasikia. Nafasi zetu ni chache, tunawaachia wenye shida. Huyu mwandikishe shule ya mtaani kwenu."

Loo! Ushindi gani huo wa kumrudisha mtu nyumbani mikono mitupu? Mastura alitaka kusema neno, lakini haya zikamfunga mdomo. Akaaga na kuondoka.

Katika shule ya mtaani watoto walijaa pomoni, na Najat alipangiwa dawati la nyuma. Alipoitwa hakuitika, akaambiwa ana kiburi. Alipoambiwa asimame aliketi, wenzake wakaangua kicheko. Yule mtoto mchangamfu akaanza kunywea, akawa hataki hata kucheza. Jioni moja Mastura alimwinamia, akamwuliza uso kwa uso ana nini.

"Mama, mwalimu wetu hana mdomo," alisema Najat. "Ana mgongo tu."

Mastura aliona kana kwamba amechomwa mwiba. Mwalimu aliandika ubaoni huku akisema, na mtoto alibaki kuutazama mgongo wake kutwa nzima. Mastura alilia, na safari hii hakujificha mume wake asimwone.

Asubuhi yake Mastura na Najat walirudi kwa Mwalimu Leticia. Ukumbi ulijaa wazazi wengine waliosubiri.

"Mwalimu, nilikudanganya," alisema Mastura. "Siku ile nilimbinya kidole."

"Kwa nini, mama?"

"Niliona haya."

Mwalimu Leticia hakumkaripia. "Imebaki nafasi moja, na kamati ya kugawa nafasi inakaa leo," alisema. "Chumba changu kina mtu. Nitampimia papa hapa, mbele ya watu. Utaweza?"

"Nitaweza."

"Basi mwachie mkono. Simama nyuma yake, umwite wewe mwenyewe."

Mastura aliuachia ule mkono mdogo. Akarudi nyuma. "Najat!" aliita. Mtoto alichezea kifungo cha gauni lake. "Najat! Najat mwanangu!" Sauti ilipaa, ikapasuka. Ukumbi mzima uligeuka kumtazama, mpaka bawabu mlangoni. Asiyegeuka alikuwa Najat peke yake.

Mastura alifunika uso kwa ushungi. Mama mmoja asiyemjua alimshika bega akamwambia, "Usilie, dada. Wangu pia yuko hivyo hivyo." Jioni ile kamati ilimwandikia Najat nafasi yake.

Wiki iliyofuata, huko Raskazone, mwalimu mpya alivuta kiti akaketi mbele ya Najat, akasema naye taratibu. Najat alimtazama, akageuka kumtafuta mama yake dirishani.

"Mama!" alipiga kelele. "Huyu ana mdomo!"

Waliporudi Makorora, Ernesti mwenye duka alilalamika, "Mama Najat, mwanao ana maringo siku hizi. Namwita, haitiki."

Zamani Mastura angetafuta uongo wa haraka. Sasa alijibu kwa sauti, foleni nzima ikisikia, "Si maringo, baba. Hasikii vizuri. Mguse bega, akutazame mdomoni, mtaelewana tu."

Ernesti alizunguka meza, akamgusa Najat bega, akamwuliza anataka pipi gani. Najat akamjibu palepale. Ama kweli, mficha uchi hazai.