Kifuniko cha Mji wa Chunguni

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni motoni. Mwenye kuni mbichi abaki nazo hukohuko, sababu mtaielewa.

Hapo zamani za kale, milima ikiwa tayari imekaa ilipokaa, palikuwa na mji uitwao Chunguni. Milima iliuzunguka pande zote. Wanawake wake walikuwa wafinyanzi, na vyungu walivichoma uwanjani kwa kuni na nyasi mara tu Jogoo alipowika alfajiri. Ndiyo mila: chungu kikiona jua kabla ya moto, kitapasuka. Hakuna aliyewahi kujaribu.

Miezi ya upepo, moshi ulivuka milima ukaenda zake. Kipupwe kilipofika, upepo ulitoweka. Moshi ulipanda hadi kimo cha mvule, ukasimama, ukajitandaza kama mkeka, kisha ukashuka kuingia majumbani. Mji mzima ukakohoa, ukakohoa, ukakohoa.

Sihaba mfinyanzi alikuwa na binti mmoja, Chiku. Kila kipupwe kifua cha Chiku kililia kama mlango mkavu. Mwaka huo hakikunyamaza hata akinywa uji.

Sihaba akaenda kwa Jumbe, mkuu wa mji. "Jumbe, mwanangu anazidiwa."

"Nimesikia," akasema Jumbe, akakohoa.

Siku ya kwanza Jumbe akaamuru milima isogee. Haikusogea, ikatangazwa kuwa ni mikaidi. Siku ya pili akaamuru mbuzi wasipumue ovyo. Mbuzi wakauliza, "Ovyo ndiyo vipi?" Kikao kikaahirishwa. Siku ya tatu akaamuru kila mtu aupepee moshi kwa ungo. Watu wa mashariki wakaupeleka magharibi, wa magharibi wakaurudisha mashariki. Jioni ulikuwa nyumbani.

Siku ya nne, asubuhi, Sihaba akambeba Chiku mgongoni, akapanda mlima. Walipopita kimo cha mvule, walitoka kwenye moshi kama watu wanaotoka majini. Huko juu kulikuwa na joto kuliko bondeni. Chiku akavuta pumzi nzima. Juu ya jiwe alikaa Mwewe.

"Mwewe, mbona huruki?" akauliza Sihaba.

"Nangoja ngazi, mama."

"Ngazi gani?"

"Jua likichoma ardhi, hewa hupata joto ikapanda. Nami hupanda nayo, sipigi hata bawa. Saa hizi baridi imelala bondeni, na joto limeifunika kama kifuniko."

"Na moshi wetu?"

"Mnawasha kabla kifuniko hakijafunuka. Kisha mnashangaa."

Kesho yake Jogoo aliwika. Wafinyanzi wakashika vijinga vya moto. Sihaba akakaa juu ya kuni zake.

"We Sihaba!" akasema jirani yake, Bi Kirembo. "Vyungu vya msimu mzima! Vikipasuka utakula nini?"

"Vipasuke. Nikiwasha sasa, kifua cha Chiku kitatangulia kupasuka."

Wenzake wote wakaweka vijinga chini ili wamwone vizuri akiaibika. Jogoo akawika tena, akawika tena. "Washeni!" Hakuna aliyegeuka.

Jua likatoka. Vyungu vikaliona. Likapanda, likapanda, na Mwewe akaelea angani bila kupiga bawa. Sihaba akawasha. Moshi ukafika kimo cha mvule, ukapita, ukavuka mlima.

Vyungu vilipopoa, Sihaba akavigonga kimoja kimoja. Ngo! Ngo! Ngo!

"Vitatu vimepasuka!" akasema Bi Kirembo.

"Alfajiri hupasuka vitano," akasema Sihaba. "Nimehesabu."

Jioni ile Chiku alikunywa uji, na kilichosikika ni kijiko tu.

Tangu hapo wafinyanzi wote wakamngoja Mwewe. Jogoo akanuna siku tatu, kisha akaenda kwa Jumbe. "Moto sasa unangoja ndege wa mlimani. Mimi ni nani?"

Jumbe akafikiri, akakohoa kwa mazoea. "Mwewe akiruka, wewe tangaza."

Ndiyo maana mpaka leo jogoo akimwona mwewe angani hupiga kelele. Watu husema anaogopa. Haogopi. Yuko kazini.

Hadithi yangu imeishia hapo. Moshi wake umeshavuka mlima.