Kweli ya Kijani ya Mwalimu Ambwene

"Kweli isiyojua kukana, usiilalie." Leo mmenisikia nikimwambia katibu maneno hayo mkutanoni, nanyi vijana mkataka kujua nani aliyeyasema kwanza. Methali hii ilianzia hapa hapa Itambo, masika moja nilipokuwa mjumbe wa mashamba ya mpunga.

Tulikuwa na mwalimu wa hisabati, Ambwene, kijana mpole, hodari wa kompyuta. Alikuwa amechora mto wetu ndani ya programu ya hisabati: mstari wa maji, mstari wa tuta, na kitufe cha kusogeza ili kupandisha au kushusha maji. Chini yake aliweka neno moja. Maji yakiwa chini ya tuta, neno linasomeka KWELI kwa kijani, maana yake tuko salama. Yakipita, linageuka SI KWELI, jekundu.

Mvua ilinyesha siku nne mfululizo. Asubuhi ya siku ya tano tulijazana darasani kwake, watu zaidi ya arobaini, nguo zinachuruzika. Mto ulinguruma hadi madirisha yakatetemeka. Ambwene akaandika kipimo kilicholetwa kutoka daraja la juu, ambako maji hupita saa chache kabla ya kutufikia. Neno likabaki kijani.

"Kweli," mwenyekiti wetu, Mzee Kihwelo, akasoma kwa sauti. "Rudini majumbani."

Watu wakaanza kuinuka. Bi Tulamwona hakuinuka. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho, chini kabisa ya tuta, na ndani yake alikuwa amemwacha binti yake aliyejifungua juzi.

"Mwalimu," akasema, "hicho kitu umewahi kukiona kikisema si kweli?"

"Kinakokotoa chenyewe, mama. Hakibahatishi."

"Sijauliza hivyo, mwanangu. Nimeuliza kama kinajua kukana."

Mzee Kihwelo akamtaka anyamaze, asitie watu hofu. Ambwene alisita, kisha akashika kipanya. Mstari wa maji ukapanda, ukafika ukingo wa tuta, ukapita. Akausogeza hadi juu kabisa ya kioo, tuta lote likazama.

KWELI. Kijani.

Nilimwona Ambwene akifungua kisanduku cha maagizo. Ijumaa iliyotangulia alikuwa amewafundisha kidato cha pili thamani hizo mbili, kweli na si kweli. Ili waione rangi, alifuta ulinganisho wa maji na tuta, akaandika mahali pake neno "kweli" tu. Akasahau kuurudisha.

Akaurudisha. Akaandika kipimo kilekile cha asubuhi. Neno likawa jekundu.

Tulikimbia. Mzazi tulimbeba juu ya kitanda, kichanga kikiwa kifuani mwa bibi yake, tukapanda nao hadi kanisani mlimani. Saa nane mchana tuta likakatika. Nyumba kumi na moja zilikwenda, ya Bi Tulamwona ikitangulia. Mtu hata mmoja hakupotea.

Jioni Ambwene alikuja kumpigia magoti yule mama. Mama akamwinua.

"Hukunidanganya, mwanangu," akamwambia. "Lakini siku nyingine kweli ikikuitikia tu, itikise kwanza. Kweli isiyojua kukana, usiilalie."